Simba wa Dirishani

“Mtoe hapo,” Kaltumi alisema tena, na safari hii hakupaza sauti. “Mtoe, au nitamtoa mwenyewe.”

Odero akamjibu kwamba dirisha ni lake, studio ni yake na picha ni yake, na kwamba mwanamke aliye katika eda mahali pake ni nyumbani, si barabarani Kisugu kubishana na wanaume. Hilo la eda hakupaswa kulitamka. Akech, mkewe, alikuwa nyuma ya meza akikata picha za pasipoti, akasikia jinsi watu waliojazana mlangoni walivyonyamaza ghafla. Akaweka mkasi chini. Alimjua mumewe: akijua ana makosa, hutafuta kosa la mwenzake akaling'ang'ania hilo mpaka watu wasahau la kwake.

Waliyekuwa wakimgombania alikuwa simba jike, mkubwa kuliko kioo cha kujitazamia, amebandikwa katikati ya dirisha la mbele. Mahali hapo kwa miaka yote palikaa mabibi harusi, wahitimu wenye majoho ya kuazima na watoto wachanga waliovalishwa kofia za sufu. Sasa palikaa simba. Kichwa ameinua, masikio yamesimama, macho yamekaza, kila unywele wa mdomoni unaonekana. Tangu awekwe pale, watu walikuwa wakisimama. Wenye pikipiki walipunguza mwendo. Bwana mmoja wa kampuni ya kalenda, aliyekuwa amemwazima Odero lenzi ndefu kama mkono wa mtu, alikuja na gari lake mpaka mlangoni, akamtazama huyo simba na kumwambia anataka kalenda nzima, miezi yote, simba watupu.

Kaltumi alikuwa mjane wa Marjan. Marjan ndiye aliyekuwa akiendesha pikapu ya studio, maana Odero hakuwahi kujifunza gari, na ndiye aliyempeleka mbugani safari ile iliyozaa picha ya dirishani. Alirudi amefungwa ndani ya maturubai. Odero alieleza, polisi walipomuuliza, na askari wa mbuga, na wazee wa msikiti, kwamba Marjan alikunywa pombe ya waragi na mpishi wa kambi, akashuka garini jioni kwenda haja, simba akamchukua. Alieleza vizuri. Alitaja hata chupa yenyewe ilivyokuwa. Akech mwenyewe aliamini, akalia, akapeleka unga na sukari kwa wafiwa.

Kufa ni kwa Mungu, watu wa Marjan walisema, na wangenyamaza hapo. Lakini walikuwa Wanubi, watoto na wajukuu wa askari waliotoka Sudani na dini yao mkononi, na siku walipomzika Marjan kule Bombo wanaume walisimama wakiongea chini chini, wengine wakaondoka kabla ya dua kwisha. Watoto wake sasa walikuwa wanaitwa watoto wa mlevi kwenye madarasa ya Kurani. Kaltumi aliapa kwamba mumewe hakuwahi kuonja pombe. Kila mjane huapa hivyo, watu walisema.

Kwa hiyo alikuwa ameacha eda akaja, amejitanda nguo nyeupe mpaka miguuni, na pamoja naye shemeji yake Abdul-Latif, kaka mkubwa wa Marjan, anayeendesha lori la mizigo kutoka gati la Port Bell. Abdul-Latif alikuwa ameegemea nguzo ya mlango, na nyuma yake wapakizi wawili wenye vumbi la saruji kwenye nyusi. Hakuwa amekuja kupigana, ndivyo alivyosema, na pengine ilikuwa kweli. Alimwomba Odero kitu kimoja tu. Ijumaa aende nao Bombo, asimame mbele ya wazee, aseme Marjan hakuwa amelewa.

“Hata kama alilewa,” Abdul-Latif alisema, “wewe sema hakulewa. Itakugharimu nini? Mtu ameshakufa.”

Odero akasema yeye ni Mkristo, hawezi kusimama mbele ya wazee akasema uongo. Tena leo ana safari. Akaonyesha kwa kidevu pikapu iliyoegeshwa kando, imepakiwa mahema na jerikeni za maji, na mwanawe Oduor amechuchumaa akitazama magurudumu. Oduor alikuwa na miaka kumi na tisa, ana leseni mpya mfukoni, na ndiye dereva sasa.

Akech hakuipenda safari hiyo, lakini hakuwa ameikataza. Alimwambia Oduor asishuke garini, asinywe na mpishi. Kijana aliitikia haraka mno.

Kaltumi hakuwasikiliza tena wanaume. Alisogea mpaka pumzi yake ikaweka ukungu kwenye kioo. Alimtazama simba kwa muda mrefu, kama mtu anayemtambua jirani, kisha akauliza, bila kumgeukia yeyote, “Huyu mnyama anamtazama nani?”

“Anatazama kamera,” Odero alisema. “Anatazama nini kingine?”

“Si sisi anaotutazama.”

Akech akanyanyua macho. Alikuwa ameisafisha picha ile kwa mikono yake mwenyewe, akaitoa kwenye dawa, akaianika, akaitazama kila asubuhi akifungua studio. Akaitazama sasa kama hajawahi kuiona.

Mtoto mchanga hatazami kamera. Umwite, umpigie mluzi, atatazama taa, atatazama titi la mama yake. Ndiyo maana siku zote, tangu Oduor alipokuwa bado anabebwa mgongoni, Akech alikuwa anachuchumaa kushoto kwa stendi ya kamera, chini ya lenzi, na kopo la maziwa ya unga lililotiwa kokoto. Alilitikisa mara moja tu, kwa nguvu. Mtoto hugeuka, macho yakakaza, mdomo ukafumba, na Odero akabonyeza. Watoto wote wa Kisugu waliopigwa picha pale wanatazama chini kidogo, pembeni kidogo, kushoto, kama wameona kitu cha ajabu sakafuni. Mtu wa nje hawezi kulitambua hilo. Akech angeitambua picha ya studio yao hata ikiwa imebandikwa ukutani Nairobi.

Simba jike wa dirishani alikuwa anatazama chini kidogo, pembeni kidogo, kushoto.

Hapo likaja jambo lingine, dogo, ambalo halikuwa limemkaa moyoni. Safari ya kwanza Odero alirudi na simba waliolala, migongo na matumbo, na bwana wa kalenda akamcheka, akasema hao ni magunia. Safari ya pili ndiyo hii iliyoleta picha. Na siku Odero alipokuwa bado kule mbugani, alikuja mama mmoja kutoka Mengo na mapacha, Akech akatafuta kopo studio nzima asilipate, akatikisa funguo. Odero aliporudi alisema labda panya wamelisukuma nyuma ya kabati. Kopo lenye kokoto, lisukumwe na panya.

Hakupata nafasi ya kusema neno. Kaltumi alikuwa ameinama na kuokota nusu ya tofali iliyokuwa inazuia mlango usijifunge, na bila kulenga sana akairusha dirishani.

Kioo kilishuka chote kwa pamoja. Odero aliruka akatoka nje, akamsukuma Kaltumi kwa mikono miwili, na mwanamke akaangukia vipande vya kioo kwa kiwiko na goti, nguo nyeupe ikageuka nyekundu papo hapo. Abdul-Latif akaiacha nguzo. Ngumi yake ya kwanza ilimpata Odero sikioni, ya pili kooni. Odero alirudi nyuma mpaka ndani, akainyakua stendi ya chuma ya kamera kwa miguu yake mitatu na kuizungusha kama shoka. Ikampata mmoja wa wapakizi usoni. Pua ilivunjika, kila mtu alisikia. Mtu yule alikaa chini sakafuni na kushika uso wake kwa viganja, damu ikapita katikati ya vidole na kumwagikia picha za pasipoti.

“Muueni huyu Mkenya,” mtu fulani akasema barabarani, mtu asiyehusika kabisa, na wengine wakacheka.

Odero akaona haitoshi stendi. Akaingia chumba cha giza cha kusafishia picha, akatoka na karai la dawa na kumrushia mpakizi wa pili machoni. Mtu akapiga yowe, akawa anajigonga ukutani akijisugua uso. Akech akamshika shingoni na kumwinamisha kwenye ndoo ya maji, akamwambia afumbue macho ndani ya maji, afumbue, asijisugue. Hakuwa anamhurumia. Alijua dawa ile inavyofanya na alijua la kufanya, basi.

Alipoinua kichwa aliona Abdul-Latif amechukua chuma cha jeki kutoka kwenye lori lake, kile kirefu, na anakuja moja kwa moja. Odero akajitupa chumba cha giza. Mlango ule ulikuwa wa mbao nene za mvule. Waliuweka baada ya vita, studio ilipokuwa imeibiwa mpaka balbu. Kwa nje ulikuwa na kufuli kubwa, ili wateja wasiingie na kuharibu filamu. Kwa ndani haukuwa na kitu. Akech alifika kabla ya Abdul-Latif, akausukuma ukafunga, akabana kufuli, akatia ufunguo ndani ya blauzi, akasimama na mgongo wake mlangoni.

Alifanya hivyo bila kufikiri, kama mtu anavyomdaka mtoto anayeanguka. Ni mumewe.

“Mama Oduor,” Abdul-Latif alisema, “sisi na wewe hatuna neno. Tumekula kwako, umekula kwetu. Sogea.”

“Mtapita juu yangu.”

“Usinifanye nipite juu yako.”

Mwenye pua iliyovunjika alikuwa ameinuka. Kwa kuwa hakuruhusiwa kumpiga mtu, alipiga vitu. Alilichana pazia lililochorwa ndege na ngazi zake, lile ambalo watu wasiowahi kupanda ndege walipigiwa picha mbele yake. Alivunja taa zote mbili. Alikanyaga kiti cha watoto mpaka kikawa kuni. Nje, Kaltumi alikuwa amepiga magoti kwenye vioo, ameivuta picha ya simba kutoka dirishani, anaichana kwa mikono inayotoka damu, vipande vipande, taratibu, macho kwanza.

Hapo Oduor akaingia na spana ya magurudumu. Akech alimwona anapita, akamwita, hakumsikia. Kijana alimpiga mpakizi wa pili, yule ambaye bado alikuwa haoni vizuri, begani. Mtu akapiga magoti. Akainua spana mara ya pili. Abdul-Latif akageuka na kumpiga kibao cha mkono mtupu mdomoni, kibao cha baba kwa mtoto, lakini kwa mkono wa mtu anayepakua saruji. Oduor alianguka juu ya meza, akateleza pamoja na karatasi zote mpaka sakafuni. Alipoinuka meno yake yalikuwa mekundu na bado ana spana mkononi.

“Simama hapo ulipo,” Akech alimwambia. Sauti hiyo Oduor aliijua tangu utotoni; akasimama.

Akamgeukia Abdul-Latif, akamwomba ampe nafasi ya kuongea na aliye ndani. Akamwambia kuna jambo anataka kumuuliza, na jibu lake litawahusu wao pia. Abdul-Latif alimtazama, akatazama chuma mkononi mwake kama mtu anayeshangaa kimefikaje pale, akasema aulize basi, lakini yeye hatoki. Akaenda kumwinua Kaltumi.

Akech akaweka mdomo kwenye ufa wa mlango na kuongea Kijaluo, polepole. Alimuuliza nani alitikisa kopo.

Odero akauliza kopo gani.

“Usiniulize kopo gani. Nina ufunguo hapa.”

Akaanza kueleza. Mwanzoni alieleza kwa kujitetea, kisha, kadiri alivyoendelea, sauti yake ikapata joto, kama mtu anayesimulia kazi aliyoifanya vizuri. Simba hulala mchana kutwa, alisema, na askari wa mbuga hawaruhusu kupiga honi. Aliwaza kuhusu watoto wa studio. Akamwambia Marjan ashuke, asimame kushoto, chini ya kamera, karibu na mlango wa gari uliokuwa wazi, na atikise. Odero mwenyewe alikuwa juu, nyuma ya pikapu. Simba akainua kichwa. Akech, akasema, ungeona macho yale. Siku zote hizi tunapiga picha za watoto wa watu, hatukujua tuna nini mikononi.

Ilifanya kazi mara ya kwanza, na ya pili. Ya tatu simba hakuinua kichwa. Walikuwa wamelizoea kopo. Akamwambia Marjan asogee mbele kidogo. Marjan hakutaka. Akamwambia hatua chache tu, usiwe mwanamke. Marjan akasogea, akatikisa, na kwenye majani ya upande wa pili, ambako hawakuwa wameangalia, kulikuwa na jike mwingine na watoto wake.

“Akakimbia?” Akech aliuliza.

Alikimbia. Mlango wa gari ulikuwa umejifunga. Akaja nyuma ya pikapu, akaweka mguu kwenye gurudumu, akanyoosha mkono juu.

“Na wewe?”

Odero akarudia habari ya mlango wa gari uliojifunga.

“Baba Oduor. Na wewe?”

“Nilikuwa nimeshika lenzi,” alisema. “Ingeanguka, Akech. Lenzi ya watu. Niliiweka kwanza kwenye blanketi. Niliiweka tu, kisha nikampa mkono. Nilimpa mkono.”

Akech alibaki na paji la uso kwenye mbao. Aliona vizuri, kana kwamba naye alikuwa juu ya pikapu ile: mumewe anainama, anatandaza kona ya blanketi, analaza lenzi kwa upole, kioo kikiangalia juu kisikwaruzwe, jinsi alivyokuwa akifanya siku zote, jinsi yeye Akech alivyomfundisha mwanawe afanye. Mkono wa mtu uko hewani. Kisha anageuka.

Alimuuliza kwa nini alizua waragi. Odero akasema angefungwa, na studio ingefungwa, na wao wangekula nini. Kisha akaendelea, na hapo ndipo alipokosea, maana kama angenyamaza Akech angelia tu na pengine mambo yangeishia kwenye kulia. Akasema kosa lilikuwa la Marjan, kwa sababu aliogopa, akawa analitikisa ovyo ovyo, kama mtu anayeuza karanga. Kopo linataka mkono uliotulia. Akasema, “Oduor hawezi kufanya vile. Oduor amekua nalo.”

Akech akageuka.

Mwanawe alikuwa amekaa kwenye ukingo wa meza, anajifuta mdomo kwa mkono wa shati. Alimuuliza kama alijua. Alijua. Baba alimwambia wiki iliyopita, na wamefanya mazoezi uani, yeye akitikisa, baba akiwa juu ya pikapu. Tena baba amepanga vizuri safari hii: mlango utafungwa kwa kamba usijifunge, na watatazama pande zote kwanza. Marjan alikuwa mtu mzima mzito, alisema, yeye ana mbio. Jina lake litaandikwa kwenye kalenda, chini, pamoja na la baba.

“Huendi,” Akech alisema.

Oduor akatabasamu na meno yale mekundu. Hakuwa mtoto mbaya. Alikuwa na kidevu cha baba yake na alikuwa hajawahi kuona mtu aliyeliwa.

“Mama, mimi siyo mtoto wa kutikisiwa kopo. Mimi ndiye natikisa sasa.” Akasema wakimaliza fujo hii wanaondoka, baba ameahidi, na kama si leo ni kesho, na kama gari limeharibika bwana wa kalenda ataleta lake.

Santina, anayeuza mkaa ng'ambo ya barabara, alikuwa ameingiza kichwa mahali palipokuwa na kioo, akauliza kama aende kituo cha polisi. Akech akamwambia angoje. Polisi wangekuja, wangekula chakula cha mchana, wangemwachia Odero kabla ya jioni. Waliijua nyumba yake, aliwapigia picha za harusi zao. Funguo za pikapu angeweza kuzitupa chooni, na bwana wa kalenda ana magari. Angeweza kumwapisha Odero kwa Biblia, na Odero angeapa, kwa machozi, na machozi yangekuwa ya kweli, na wiki ijayo wangekuwa wamesimama kwenye majani, mwanawe mbele, kushoto, chini. Simba wangelizoea kopo. Odero angesema sogea kidogo. Na mkono wa Oduor ungeinuka, na baba yake angeiweka lenzi kwanza.

Hakuwa na shaka hata kidogo. Huo ndio ulikuwa ubaya wa kumjua mtu.

Akatoka mlangoni, akaenda katikati ya studio, akasimama juu ya vioo mbele ya Kaltumi na Abdul-Latif, na akaongea Kiswahili, kwa sauti ambayo watu wa barabarani waliisikia.

“Marjan hakunywa kitu. Mume wangu alimshusha garini awaamshe simba kwa kopo. Marjan aliogopa, mume wangu akamwambia usiwe mwanamke. Alipokimbia akaomba mkono, na mkono hakuupata kwa wakati. Waragi ni uongo wa nyumba yangu. Nitakwenda Bombo mimi mwenyewe Ijumaa, nitasema hivyo hivyo mbele ya wazee.”

Kaltumi alikaa chini pale pale, kwenye vioo, kama mtu aliyepewa kiti, akaweka mikono yake yenye majeraha mapajani. Mlangoni watu walianza kurudia maneno yale kwa wale walio nyuma, kwa Kiswahili na kwa Kiganda. Ndani ya chumba cha giza Odero alikuwa ameanza kugonga mlango kwa viganja vyote viwili, anaita jina la mkewe, anasema amerukwa na akili, msimsikilize.

Abdul-Latif akakiinua tena kile chuma.

“Toa ufunguo, Mama Oduor.”

“Nisikilize kwanza, shemeji. Ukimuua nitasimama mahakamani nikutaje, na watoto wa Marjan watakuwa hawana baba wala baba mkubwa. Umenielewa?”

Chuma kikashuka kidogo.

“Kichwa msiguse. Mikono msiguse, ndiyo inayotulisha.” Akech alijisikia anasema hayo kwa sauti ile ile aliyotumia kumwambia mchinjaji amkatie wapi. “Miguu. Yote miwili. Asipande gari la mtu mwaka huu.”

Odero mle ndani aliacha kugonga, kwa sababu alikuwa amesikia. Oduor alisema “Mama” mara moja tu, polepole, kama anauliza kama huyu ni yeye.

“Umesema wewe,” Abdul-Latif alisema.

“Nimesema mimi.”

Akatia mkono ndani ya blauzi, akatoa ufunguo, akauingiza kwenye kufuli. Oduor aliinuka na spana yake. Akech aliufungua mlango kwa mkono wa kulia, na kwa wa kushoto akamkamata mwanawe mkanda wa suruali wakati anapita, akamvuta nyuma kwa uzito wake wote mpaka wote wawili wakaanguka juu ya pazia lililochanika, akamlalia, akamfunga mikono kiunoni na kubana. Kijana alimpiga kwa kiwiko mbavuni. Akabana zaidi. Spana ilianguka ikabingirika mbali.

Wanaume walipita juu ya miguu yao wakaingia gizani. Odero alianza kumwita mkewe, kisha akamwita Mungu. Karai lilianguka, la pili likaanguka, maji ya dawa yakaja mpaka mlangoni na kulowesha nywele za Akech, na yeye hakuachia. Kisha kikavunjika kitu ambacho si karai.

“Bado mmoja,” alisema, uso wake ukiwa mgongoni mwa mwanawe, akangoja.